Sufuria tatu kwa kadi tatu

Somo yangu, asalaam aleikum.

Nimeolewa Langoni, hapa Lamu, mwaka wa sita sasa, na hii ndiyo mara ya kwanza natoa mambo ya nyumbani nje. Sikuja kumshtaki mume wangu. Ni nahodha wa mashua, mtu wa swala zake na kazi yake, na hajanipandishia sauti tangu anioe. Shida yangu ni kadi ya damu.

Miezi miwili iliyopita kulisimamishwa hema upande wa gatini, watu kutoka nje ya Lamu wanapima kundi la damu kwa shilingi 500. Mavyaa, mama wa mume wangu, alisikia kwa majirani, akasema twende nyumba nzima. Siku ile jua lilikuwa kali na upepo unavuma. Mavyaa alitangulizwa kwa kuwa ni mkubwa, nikafuata mimi, mume wangu mwisho. Tulitobolewa vidole, matone yakatiwa juu ya kigae cheupe, halafu yule kijana akaanza kutueleza habari za unga wake wa lishe. Alieleza, akaeleza, mpaka nikakaa chini. Mwisho akarudi kwenye kigae, akatazama, akatuandikia kadi: mume wangu O, mimi A, mavyaa AB. Mwanangu wa miaka minne alipoiona sindano alitoka mbio mpaka sokoni, kwa hivyo yeye hana kadi.

Nyuma ya kila kadi kuna orodha. O ni damu ya wawindaji wa kale, basi mume wangu ale nyama kila siku, aache ngano, mahindi, dengu, viazi, maziwa, kahawa na nazi. Nazi, Somo! Mtu wa Lamu aache nazi! Mimi A ni damu ya wakulima: niache nyama kabisa, maziwa, nyanya, ndizi, maembe, mapapai, na nazi vilevile. Mavyaa AB haruhusiwi kuku wala ng'ombe. Tuliambiwa kwamba kwenye kunde na nafaka mna kitu kinaitwa lektini, na ukila isiyo ya kundi lako inagandisha damu ndani ya mishipa.

Sasa napika sufuria tatu. Ya mume nyama, ya mavyaa samaki na wali mkavu, yangu mchicha na mboga za kuchemsha. Mtoto anapita akidokoa zote, ndiye pekee anayekula kwa raha. Mtungi wa gesi uliokuwa ukitufikisha mwezi na nusu sasa haumalizi mwezi, na mbuzi ya nazi imekaa uvunguni inaota kutu.

Ningesema ni upuuzi, lakini mume wangu amepungua kilo sita na kiungulia kimekwisha. Zamani asubuhi alikuwa akila mahamri matano na chai ya vijiko vinne vya sukari, chomboni soda mbili tatu, na jioni viazi karai barazani na wenzake. Leo vyote kaacha, na kila nikifungua mdomo ananiambia, "Kilo sita, utasema nini?" Sina la kusema. Ila wiki iliyopita usiku kidole gumba cha mguu kilimvimba, chekundu, hata shuka likimgusa analia. Aliwapigia simu wale watu wakamwambia ni sumu inatoka.

Mimi nina mimba ya miezi mitano. Kliniki walinipima wingi wa damu wakakuta 9.4, wakanipa vidonge vya kuongeza damu na kuniambia nile nyama na samaki. Sikuwaambia habari ya kadi, niliona haya. Nikila kipande cha nyama mavyaa anasema kitanioza tumboni, kwa kuwa damu yangu si ya nyama. Nyama anakula mume, damu inapungua kwangu.

Na mavyaa ana ugonjwa wa sukari. Alinunua mkebe wa ule unga kwa shilingi 3,500, akaambiwa baada ya mwezi anaweza kuviacha vidonge vya hospitali taratibu. Sasa anavimeza siku moja moja.

Je, Somo, kula kwa kundi la damu ni kweli?

Mpishi wa sufuria tatu, Langoni

* * *

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianza chini nikapanda juu, kwa sababu lililo zito umeliweka mwisho, kama mtu anayetaja deni akiwa tayari mlangoni. Vidonge vya mavyaa. Hilo ni la wiki hii, kabla ya mbuzi ya nazi na kabla ya sufuria. Mwenye kisukari akianza kuruka dawa haoni kitu mwanzoni. Hana maumivu, na hapo ndipo anapodhani unga umemponya, na huku sukari inapanda kimyakimya na kula macho, figo na mishipa ya miguu. Arudi kliniki yake ya sukari, aseme bila kuficha kwamba alikuwa akiruka, wampime na kumrudisha kwenye dozi yake. Ule mkebe auchukue mkononi waone kilichoandikwa. Dawa ya hospitali haiachwi kwa neno la mtu anayeuza kitu kingine.

Sasa ziweke hizo kadi tatu mbele yako.

Mavyaa AB, mwanawe O. Hapo niliweka miwani chini nikacheka peke yangu. Kila mmoja wetu hurithi alama moja ya kundi kwa mama na moja kwa baba. Mwenye AB anazo A na B, hana nyingine ya kutoa, na mtoto wake lazima apate mojawapo. Mwenye O hana A wala B, hakupewa na mama, hakupewa na baba. Kwa hiyo mama wa AB hazai mtoto wa O. Zipo hali za nadra mno duniani ambapo kanuni hii hupinda, lakini mimi sianzi na nadra. Angekuwa ni baba mtu ningenyamaza, maana ningewasha moto mtaani. Huyu ni mama, na mama hana wa kumshuku: mkunga alikuwepo, kitovu kilikatwa, na Langoni nzima ilikuja kumtazama mtoto. Basi kati ya kadi hizo mbili moja imekosea.

Nakisia ni ya mavyaa, na sababu umenipa mwenyewe. Kipimo kile nimekifanya miaka mingi kabla sijastaafu uuguzi. Tone moja la damu linachanganywa na dawa ya buluu, inayotafuta A, tone jingine na dawa ya manjano, inayotafuta B. Unakoroga kwa kijiti, unakiyumbisha kigae mkononi na kutazama. Kundi likiwapo, damu inakatika mbele ya macho yako, vijipande vyekundu vinaelea majini, sawasawa na tui lililokatika kwa kuwa mpishi aliacha kulikoroga. Lisipokuwapo inabaki laini. Na husomwa hapo hapo, dakika mbili hivi, kabla tone halijakauka. Likikauka kingoni linajikunyata na kufanya chembechembe, na asiyezoea ataona A ataona B, ataona chochote unachotaka. Mavyaa alitangulia. Tone lake ndilo lililongoja zaidi, juani, upepo unavuma, kijana akihubiri unga. Kuandikiwa yeye AB, damu iliyokatika pande zote mbili, wala hakunishangazi.

Kwa hiyo mama huyu wa watu ameacha kuku kwa ajili ya damu ambayo huenda si yake.

Lakini tuseme kadi zingekuwa sahihi zote. Jibu langu lingekuwa lile lile: kula kwa kundi la damu hakufanyi kazi kama wanavyosema.

Makundi haya aliyagundua Karl Landsteiner kule Vienna, akayachapisha mwaka 1901. Kabla yake mgonjwa akitiwa damu ya mwenziwe mara alipona, mara alikufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Landsteiner alichanganya damu za wenzake wa maabara, na yake pia, akaona nyingine zinagandana na nyingine hazigandani. Mwaka 1930 alipewa tuzo ya Nobel. Jambo lile lilihusu damu kukutana na damu. Habari ya damu kukutana na wali iliingia miaka mingi baadaye, na iliyoieneza duniani ni kitabu cha Mmarekani Peter D'Adamo, tabibu wa tiba asilia, kilichotoka 1996. Orodha za nyuma ya kadi zenu zimetoka ukoo huo: O mwindaji, A mkulima, B mfugaji wa kuhamahama, AB mchanganyiko.

Watu wamekwenda kupima kama ni kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Msalaba Mwekundu wa Ubelgiji walipekua makala za kisayansi zaidi ya 1,400, wasikute hata utafiti mmoja unaoonyesha kwamba mpango huo unaleta afya. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitazama chakula cha watu 1,455 na makundi yao ya damu. Na hapa ndipo jibu la zile kilo sita lilipo, kwa hiyo nisikilize. Waliokula karibu na orodha ya A, mboga nyingi na nyama kidogo, kweli walikuwa na kiuno chembamba zaidi, presha ya chini na lehemu, yaani kolesteroli, ndogo damuni. Lakini ilikuwa hivyo kwa wenye A, wenye B, wenye O, wote. Waliofuata orodha ya O nao walikuwa na aina fulani ya mafuta ya damuni iliyo pungufu, na hao pia bila kujali damu yao ni ipi. Chakula kilifanya kazi yake, herufi haikufanya kitu. Mwaka 2020 yakatoka majibu mengine Marekani: watu 68 walilishwa vyakula vya mimea tupu kwa wiki 16, na wenye A hawakufaidika kuwashinda wengine, wala wenye O hawakupungukiwa.

Basi mrudie nahodha wako. Mahamri matano, chai ya vijiko vinne, soda mbili tatu, viazi karai. Mtu akiacha hayo kwa miezi miwili atapungua, awe na damu ya O, ya B, au ya samaki. Na kiungulia kupoa baada ya mafuta ya karai na kahawa kuondoka, hilo hata bibi yangu asiyejua kusoma angekwambia. Usimnyang'anye sifa yake, mwanangu. Kazi ngumu kaifanya. Kuacha soda chomboni mchana wa kaskazi si mchezo. Mwambie kilo sita ni zake, si za kadi.

Hiyo lektini ipo kweli, sikudanganyi. Ni aina ya protini iliyomo katika mbegu nyingi, na ukichukua maharagwe mabichi ukayasaga na kutia maji yake kwenye damu ndani ya kichupa, damu itagandana. Ila ile ya maharagwe mekundu inagandisha damu za makundi yote, haichagui. Zipo mbegu chache zinazochagua kundi, na maabara huzitumia hizo kwa vipimo. Lakini nani anakula mbegu mbichi? Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, yatokose kwa moto mkali si chini ya dakika kumi, kisha endelea kuyaivisha mpaka yalainike, na lektini yake imekwisha nguvu. Yasiyoiva yatamtapisha mtu wa kundi lolote, na hilo limejulikana jikoni kabla ya maabara. Mbaazi za nazi zilizopikwa zikaiva hazijamgandishia damu mtu yeyote Lamu. Zingekuwa zinagandisha, mji huu ungekuwa mahame siku nyingi.

Na hayo ya wawindaji na wakulima, tazama kaunti yako mwenyewe na jirani zake. Tuna Waboni ambao wazee wao waliishi kwa kuwinda na kurina asali, tuna Waorma na ng'ombe wao, Wapokomo na mashamba ya mto Tana, Wabajuni na bahari. Kwa hesabu ya kadi ungemjua mtu damu yake kwa kumwuliza babu yake alifanya kazi gani. Siyo. Mfugaji mwenye O humkosi, wala mvuvi mwenye B. Tena mwaka 2012 wataalamu wa urithi walionyesha kwamba A na B tunashirikiana na jamii nyingine za nyani, na asili yake haipungui miaka milioni 20. Hakukuwa na mkulima wakati huo, wala jembe. O nayo si damu ya kwanza ya binadamu. Ni alama ile ile iliyoharibika kidogo ikaacha kufanya kazi, na wenye nayo wako salama tu.

Sisemi kundi la damu halina lolote. Ukihitaji kuongezewa damu ndilo linalokuokoa au kukuua. Katika malaria pia lina neno: utafiti wa Mali uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba wenye O hawapatwi sana na ile malaria kali, kwa kuwa chembe zilizoingiwa na vijidudu hazishikamani vizuri na nyingine. Hata hivyo mwenye O analala ndani ya chandarua kama sote.

Kidole cha mume wako mimi nakishuku jongo. Gumba la mguu, usiku, jekundu, shuka halivumiliki: ndivyo linavyoingia. Mwili ukivunja nyama nyingi hubaki asidi inayoitwa yuriki, ikizidi inafanya chembe kama chumvi kwenye viungo, na kupungua uzito kwa haraka nako kunaweza kuliamsha. Lakini kidole chekundu kinaweza pia kuwa kimeingia uchafu, hasa kwa mtu anayetembea peku chomboni, kwa hiyo akaonwe, apimwe, asijitibu kwa simu. Hao waliomwambia ni sumu inatoka wamesema neno linalofaa kila ugonjwa.

Nimekuja kwako sasa, na hapa nitakaa.

Mjamzito anatakiwa awe na damu isiyopungua 11. Wewe una 9.4, umebeba mtoto, unakula mchicha wa kuchemsha, na sufuria ya pembeni ina nyama inayonukia. Sentensi yako ile ya nyama anakula mume nimeikata na kuibandika juu ya meza yangu. Kwanza vidonge: kila siku, usiruke. Vikikutia kichefuchefu vimeze usiku unapolala. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni madini ya chuma hayo. Usivimeze na chai, na chai usiinywe juu ya chakula, ngoja saa moja hivi, maana majani yake yanazuia chuma kuingia mwilini. Juu ya mchicha na kunde kamua ndimu, inasaidia. Na nyama ule, mwanangu. Kipande kidogo cha ng'ombe au mbuzi, kuku, dagaa, changu, tasi, chochote kilicholetwa na mashua. Papa mkubwa mpunguze mpaka ujifungue, kwa kuwa samaki wanaokula wenzao huwa wamekusanya zebaki nyingi. Embe, papai bivu, ndizi, maziwa: nani alikukataza? Damu ya mkulima isiyokula alicholima, hiyo ni damu gani?

Nyama haiozi tumboni mwa mtu wa A. Tumbo halijui kundi lako.

Kisha fungua kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto ulichopewa, utafute palipoandikwa vipimo vya damu. Utaona herufi na pembeni yake alama ya kujumlisha au ya kutoa. Kadi ya hema haina alama hiyo, sivyo? Umeniandikia A tupu. Kumbe kwa mwenye mimba alama ile ndiyo yenye kazi. Inaitwa Rhesus. Ukiwa na ya kutoa na mtoto akachukua ya kujumlisha kwa baba yake, mwili wako unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya watoto, na anayeumia hasa ni mtoto anayefuata. Kuna sindano ya kulizuia hilo, huchomwa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni wa kujumlisha. Wengi wetu tuna ya kujumlisha, kwa hiyo usikae na wasiwasi, tazama tu. Pasipokuwa na kitu, waambie wakupime kliniki ijayo, na hapo hapo mwambie muuguzi habari ya kadi yote. Mficha uchi hazai, na sisi wauguzi tumeshasikia makubwa kuliko hayo.

Unajiuliza utayasemaje nyumbani. Usiyaseme wewe kwa mavyaa. Mkaza mwana akimwambia mama wa mume kwamba kadi yake ni ya uongo, hata akiwa na haki, itageuka habari nyingine, na wewe una mimba, huna nguvu za habari nyingine. Mwite mume wako usiku, mtoto akiwa amelala, umsomee ile aya ya AB na O. Ni nahodha, hesabu ya nyota na upepo anaijua, hii haitamshinda. Yeye ndiye wa kumchukua mama yake asubuhi waende Hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu, mama kwa ajili ya sukari, yeye kwa ajili ya kidole, na wote wawili waombe kundi la damu lipimwe upya. Asimwambie "ulidanganywa." Aseme, "Mama, nimegundua kadi zetu zinagombana." Mama atataka kujua ipi imeshinda.

Jikoni punguza sufuria iwe moja. Samaki, mboga, kunde au mbaazi, wali wa kiasi, na nyama mara mbili tatu kwa wiki ya kugawana wote, siyo ya mtu mmoja kila siku, mpaka kidole chake kijulikane kina nini. Mavyaa wali wake uwe mchache na mboga nyingi sahanini. Mahamri yarudi Ijumaa, mawili, na chai isiyo na vijiko vinne. Soda ikae dukani. Mbuzi itoe uvunguni uioshe kutu kwa ndimu na majivu, ila upikie tui jepesi, lile zito tia kidogo mwishoni, kwa sababu mafuta ya nazi yanapandisha lehemu na nyumbani kwako kuna mtu wa kisukari. Hilo ndilo neno pekee nitakalosema dhidi ya nazi, na nalisema kwa huzuni.

Huyo mtoro wa sokoni mwacheni adokoe.

Mavyaa akishasomewa majibu mapya, niandikie ilitoka herufi gani. Nimeweka kisio langu kwenye bahasha.

Somo